Kiraka cha Fundi Pampu

Asubuhi aliyorudi kutoka hospitali na mapafu ya mtu mwingine kifuani, Fundi Pampu alivua barakoa mlangoni pake, akavuta hewa taratibu kama mtu anayeonja mchuzi, kisha akamgeukia mkewe.

"Kumbe sabuni yako inanukia."

Mkewe ni dobi. Amekuwa akifua na kupiga pasi nguo za watu katika chumba cha mbele cha nyumba hiyo tangu mtoto wao wa kwanza hajatambaa. Aliweka chini mfuko wa dawa, akashika kiuno.

"Na miaka yote hii ulidhani nafulia nini, matope?"

"Sikuwa na pumzi ya kunusia, mama watoto. Hata ya kuishi nilikuwa naazima."

Si mwanamke wa kuachia neno la mwisho lipite, na jibu alikuwa nalo tayari. Lakini safari hii akaingia ndani upesi, akajifanya anatafuta pa kuuweka ule mfuko.

Jina la Pampu halikuanza kama dhihaka. Alipewa ujanani, kwa sababu katika kibanda chake cha kutengeneza baiskeli, ng'ambo ya barabara, ubavuni mwa duka la kinyozi, aliweza kujaza tairi kwa pampu ya mkono huku anapiga mluzi, na wimbo usikatike. Wimbo wenyewe aliuokota redioni zamani, jina lake hajui. Unaanza chini kwa mwendo wa kusuasua, halafu katikati kuna sauti moja ndefu inayopanda, inapanda, mpaka msikilizaji anaanza kumhofia mpigaji, ndipo inashuka polepole kama mtu anayeteremka ngazi amebeba mtoto aliyelala. Mkewe alinyoosha nguo za mtaa mzima kwa mluzi huo uliovuka barabara na kuingia dirishani. Wimbo ukipanda, pasi inapanda mgongo wa shati. Wimbo ukishuka, pasi inashuka.

Kisha mapafu yakaanza kukakamaa, kama sponji iliyosahauliwa juani. Mluzi ndio uliokwenda kwanza. Ikafuata pampu, zikafuata ngazi, mwishoni hata kufunga kamba za viatu ikawa safari ya kupumzikia njiani. Alitembea na mtungi wa oksijeni na mrija puani, akiwaambia watu, "Mnaona dunia? Sasa mimi ndiye tairi, pampu inanifuata." Watu walicheka, naye akacheka nao, kisha akakaa kitako kutafuta pumzi aliyoitumia kuchekea.

Hawakuambiwa mapafu mapya yalikuwa ya nani. Waliambiwa tu kwamba kuna familia mahali fulani iliyokuwa katikati ya msiba wake, ikaulizwa swali zito, ikasema ndiyo. Tangu siku hiyo Fundi Pampu hakuwahi kusema "mapafu yangu." Alisema "mgeni." Mkewe naye akazoea. Kila alfajiri alipomsikia amegeuka kitandani aliuliza, "Mgeni kaamkaje?" naye hujibu, "Mgeni mzima, mwenyeji ndiye ana njaa."

Njaa ile ilikuwa ya dawa. Dawa zilikuja na mambo yake. Zilimjaza mashavu mpaka akafanana na picha yake ya utotoni. Zilimtetemesha vidole, yeye aliyekuwa akinyoosha spoki kwa kuisikiliza tu. Zilitaka kunywewa asubuhi na jioni kwa saa ile ile, mvua inyeshe au jua liwake, kwa maana kazi yake ni kuulaza usingizi ulinzi wa mwili ili usimfukuze mgeni. Na ulinzi ukilala, hata mafua ya jirani ni jambazi. Kwa hiyo mkewe alipiga pasi kila kitu: shuka, taulo, leso, hata soksi. Alikuwa akipiga pasi barakoa za kitambaa kwa ukali wa mtu anayehoji mshukiwa.

Kukohoa ndiko kulikomchekesha zaidi Fundi. Wakati wa upasuaji mishipa inayoleta hamu ya kukohoa ilikatwa, na makohozi yangeweza kujaa kifuani bila yeye kujua. Ilibidi akohoe kwa makusudi, kwa vipindi, kama mtu anayebisha hodi.

"Zamani nilikohoa mkinikataza," alisema. "Leo nimenyamaza mnaniambia kohoa. Nyie watu mnataka nini?"

"Tunataka ukohoe, usihutubie," mkewe akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye suruali ya mteja.

Wageni wa kawaida, wa kuingia kwa miguu, walikuwa wachache. Dada yake mkubwa, karani mstaafu wa posta, mwanamke wa sauti kama muhuri, alifika siku moja na chungu cha maua amekikumbatia.

"Wifi," mke wa Fundi akamzuia mlangoni, "shikamoo, karibu sana, na hicho chungu kibaki nje."

"Marahaba. Maua yamekosa nini?"

"Si maua, ni udongo. Una ukungu. Daktari amekataza."

"Mimi nimemlea huyu akila udongo!"

"Ndiyo maana tukabadilisha mapafu."

Dada Mkubwa aliangalia juu, akaangalia chini, akakiweka chungu kando ya ukuta. "Kaka yangu umeoa askari," alisema akiingia. Na tangu siku hiyo alikuja mara kwa mara kumwagilia maua yake pale nje, akimsemesha mdogo wake kupitia dirishani.

Kinyozi yeye hakuhitaji mlango. Alivuka barabara kila asubuhi kabla ya kufungua duka, akasimama mbali na baraza, mkono kifuani badala ya kushikana mikono, akamwaga maneno. Ule mwezi wa kwanza alikuwa amepigwa marufuku kufanya utani, kwa kuwa mshono wa Fundi ulitoka kwapa hadi kwapa na kicheko kiliuma kama kisu. Kinyozi alitii kwa mateso makubwa. Alikuja, akasalimu, akasema "Leo kuna mawingu," akaondoka na utani wake mdomoni kama mtu aliyekatazwa kumeza. Ufunguo wa kibanda cha Fundi alikuwa ameutundika kwenye kioo chake kikubwa, ili kila anayenyolewa auone na kuuliza habari za mgonjwa.

Na ufunguo huo ndio Fundi Pampu alioutaka kuliko kitu chochote. Alikuwa akikaa barazani akitazama mlango wa kibanda ulivyofungwa, kufuli lilivyopata kutu, na akilini mwake akizisogeza koleo na bisibisi mahali pake. Daktari alimpa ahadi yenye sharti. Nyumbani walipewa kifaa cha kupuliza, bomba fupi la plastiki lenye mshale mdogo unaosukumwa na pumzi. Ukipuliza kwa nguvu mshale unakwenda kwenye kijani, pumzi ikipungua unaishia njano, na ukifika nyekundu, usiulize, kimbilia hospitali. Dada Mkubwa alikipa jina la firimbi bubu.

"Mshale ukikaa kijani mpaka kliniki ijayo," daktari alisema, "utafungua kibanda. Asubuhi tu, ukae nje penye hewa, uvae barakoa, na gundi ya pancha usiisogelee."

Siku zikaenda vizuri. Kila asubuhi alipuliza, mshale ukaruka kwenye kijani, mkewe akasema "Haya," neno fupi lenye furaha ndefu. Na siku moja, bila kutangaza, mluzi ukarudi. Alikuwa barazani akimenya chungwa, midomo ikajikunja yenyewe. Ule wimbo. Mwanzo wa kusuasua, kupanda, kupanda, kushuka. Ndani, mkewe alisimamisha pasi hewani. Ng'ambo ya barabara, kinyozi alitoka na wembe mkononi, akamwacha mteja wake na shavu moja la povu, akapiga makofi.

Wiki mbili kabla ya kliniki, mshale ukaishia njano.

Fundi alipuliza tena. Njano. Alikaa, akapumzika, akanywa maji, akapuliza. Njano, tena si ya kuchungulia kijani, njano ya katikati. Kifuani hakusikia chochote kibaya. Kwa hiyo alifanya kile ambacho amekifanya maisha yake yote mbele ya kitu kisichoshika upepo. Pale kibandani ana kanuni moja: kabla hujaulaumu mpira, kagua vali. Wangapi wamemletea tairi wakiapa limekufa, kumbe ni vali tu inavuja? Aliingia bafuni na ile firimbi bubu, akajaza beseni maji, akaizamisha nusu, akapuliza.

Mapovu.

Yalitoka kwenye vitundu viwili vidogo upande wa nyuma, mfululizo, mazuri, ya kumridhisha fundi yeyote duniani. Moyo wake ukatulia. Ni kifaa kinachovuja, mgeni hana neno! Alikikausha kwa taulo lililopigwa pasi, akatafuta kipande cha tyubu kuukuu chini ya kitanda, akakata utepe mwembamba, akauzungusha juu ya vile vitundu na kuukaza kwa uzi. Gundi hakutumia, kwa kuwa daktari alikataza gundi, naye ni mgonjwa mtiifu. Vidole vilitetemeka lakini kiraka kilikaa. Akapuliza. Mshale ukaruka mpaka mwisho wa kijani.

"Mama watoto! Njoo uone. Hiki kidude kilikuwa kibovu, nimekitengeneza."

Mkewe aliangalia kiraka, akaangalia mshale. Katika nyumba hiyo waya wa pasi, mguu wa meza, mfuniko wa sufuria, vyote vilikuwa vimepita mikononi mwa mtu huyu na kupona. Asingeanza kumtilia shaka leo. "Fundi ni fundi," alisema, akarudi kwenye nguo zake.

Kwa siku kadhaa kulikuwa na kijani cha kuvutia mno. Kinyozi, ambaye marufuku yake ilikuwa imeisha, alipelekewa habari.

"Sikiliza, Pampu," alisema akiwa barabarani. "Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wako tangu aje anakula na kulala. Mpe pampu afanye kazi!"

"Kliniki ikipita tu. Wewe ng'arisha huo ufunguo."

Kisha asubuhi moja mkewe alikuwa akinyoosha shati jeupe la mwalimu mkuu. Mumewe barazani akaanza wimbo. Pasi ikatembea nao kama kawaida, ikapanda na ile sauti ndefu, ikapanda, na sauti ikakatika. Kimya kidogo, pumzi ikavutwa, wimbo ukaendelea kutoka pale ulipoachwa. Yeye alibaki amesimama, mkono umeganda, akisikiliza mpaka mwisho. Aliposhtuka ilikuwa ni kwa harufu. Kola ya mwalimu mkuu ilikuwa na alama ya hudhurungi yenye umbo la ncha ya pasi. Katika maisha yake yote ya udobi hakuwahi kuunguza nguo ya mtu.

Alitoka barazani na shati mkononi.

"Umepumua katikati."

"Katikati ya nini?"

"Ya wimbo. Pale pa kupanda. Hupumui pale. Hujawahi."

Fundi alicheka, lakini si sana. "Nilisahau wimbo."

"Unaweza kusahau jina langu, huo wimbo huwezi. Upige tena."

Alipiga. Ukakatika palepale. Walitazamana, na lile shati lililoungua katikati yao.

"Firimbi inasema kijani," alisema polepole.

"Ipi? Hii yenye kiraka chako, au hii niliyoolewa nayo?"

"Mama watoto, kliniki imebaki kidogo tu. Nikienda leo wataniweka ndani. Wakiniweka ndani, kibanda..." Aliangalia ng'ambo, kwenye kufuli.

Mkewe akaketi karibu naye. Sauti iliyomkwaruza hata wifi mlangoni ilikuwa imelainika. "Kibanda hakina miguu, hakiendi popote. Nilikukamulia nguo za jasho ukiwa huna pumzi ya kufika chooni. Nikusikie unarudi kule, nikae kimya kwa sababu ya kufuli?"

Dada Mkubwa alikuwa amefika kumwagilia maua, na kwa mazoea ya miaka kaunta ya posta alikuwa amesikia yote. Fundi alimgeukia kama mtoto anayetafuta rufaa.

"Dada, mwambie wifi yako."

"Nimwambie nini? Wifi, vaa viatu. Mimi nampigia simu muuguzi."

Ilikuwa mara ya kwanza mawifi hao kukubaliana tangu harusi, na Fundi Pampu baadaye alisema hapo ndipo alipoogopa kweli.

Muuguzi kwenye simu ni binti mwenye subira. Alisikiliza habari za mluzi bila kucheka. Kisha akauliza kuhusu kifaa, na habari za kiraka zikatoka.

"Baba, umeviziba vile vitundu?"

"Vilikuwa vinavuja, mwanangu. Nimeviona mwenyewe majini."

"Vinatakiwa vivuje. Hewa ukiipuliza lazima ipate pa kutokea. Umeibana, ndiyo maana inausukuma mshale. Toa huo mpira, baba yangu, upulize nikiwa hapa hapa."

Mkewe alikata uzi kwa meno. Fundi akapuliza. Mshale haukukaribia kijani, ukaishia njano, jirani kabisa na nyekundu. Ng'ambo, kinyozi alikuwa ameshawasha gari lake bovu bila kuitwa.

Hospitalini walimwingiza bomba jembamba lenye kamera mpaka ndani ya kifua, wakachukua chembe za kupima. Daktari alikuja kusimama miguuni mwa kitanda. Mwili ulikuwa umeanza kumkataa mgeni, alisema, lakini ndiyo kwanza umeanza kununa, haujamtupia mizigo nje. Wangempa dawa kali kwa dripu. Angechelewa hadi kliniki, alisema, ingekuwa habari nyingine. Mgonjwa akauliza kuhusu kibanda, daktari akatikisa kichwa: si sasa.

Daktari alipoondoka, Fundi alilala akitazama matone ya dripu. Mkewe alikuwa akiikunja upya shuka ya hospitali, ambayo kwa maoni yake haikuwa imewahi kuona pasi.

"Nilimzibia mgeni mdomo," Fundi alisema. "Anasema nasikia vibaya, mimi naziba."

"Ulitaka kazi yako."

"Nilitaka kazi yangu." Akageuza uso ukutani. "Watu wale walisema ndiyo siku ya msiba. Mimi nashindwa kusema hapana kwa kibanda cha mabati."

Mkewe aliacha shuka, akamshika kidole kimoja, kile kisicho na waya. "Nyamaza basi. Ukilia pua itaziba, na hapa hakuna mtu wa kukuwekea kiraka."

Alicheka. Mshono haukuuma hata kidogo.

Alirudi nyumbani na mashavu makubwa zaidi na firimbi bubu mpya. Ile ya zamani muuguzi aliomba abaki nayo, na kile kiraka chake, awaonyeshe wagonjwa wengine mafundi. Mwalimu mkuu alipelekewa shati na maelezo. Akajibu kwamba ataivaa kola hiyo na tai pana, na kwamba anamsalimia mgeni. Kila asubuhi sasa kulikuwa na vipimo viwili: kwanza kile cha plastiki, ambacho mkewe alikishika mwenyewe na kukikagua matundu kama forodha, halafu kile cha zamani. Wimbo ulikatika. Ukakatika mbele kidogo. Siku nyingine ulikatika nyuma ya jana, na siku hiyo nguo zilipigwa pasi kwa kimya. Halafu ukaanza kusogea.

Ikaja kliniki nyingine, na nyingine tena, na daktari akasema asubuhi tu, nje, barakoa, bila gundi. Fundi alirudi na habari hiyo akaiweka mbele ya mkewe kama mtoto aliyeleta karatasi ya kusainiwa. Mkewe alikunja mashati mawili kabla ya kujibu. Kisha akatoka barazani, akaita kwa sauti iliyosimamisha barabara.

"Shemeji! Lete ufunguo!"

Kinyozi alivuka akiubeba juu ya taulo safi kama kombe.

Kufuli liligoma, likatiwa mafuta, likafunguka. Walimfagilia kibanda tangu jana yake ili vumbi litue, wakamtolea benchi nje kivulini. Mteja wa kwanza alileta tairi lililokwisha upepo.

"Pancha sizibi," Fundi akasema nyuma ya barakoa. "Minyororo, breki, spoki, hayo lete."

"Fundi baiskeli asiyeziba pancha!" kinyozi akapaza sauti kutoka mlangoni kwake. "Tumewahi kuona wapi?"

"Kuziba nimeacha, ndugu yangu. Nilipoziba mara ya mwisho nililazwa."

Kicheko chao kilivuka barabara na kuingia dirishani, pale mke wa Fundi alipokuwa ametandaza gauni la mteja mezani. Aliendelea kupiga pasi. Baada ya muda kicheko kilikwisha, zikabaki sauti za koleo na gurudumu linalozungushwa tupu, na juu yake, ukiwa umechujwa na barakoa, hafifu, ukaja mluzi. Mwanzo wa kusuasua.

Wimbo ulipofika pale pa kupanda, mkewe aliinua pasi juu ya gauni, akaishikilia hewani, asije akaunguza.

Sauti ilipanda. Ikapanda. Ikapita pale ilipokuwa ikikatika, ikakaa huko juu kidogo zaidi ya ilivyokuwa ikikaa zamani, kama mtu asiye na haraka kwa sababu safari hii hasafiri peke yake, ndipo ikaanza kushuka, ngazi kwa ngazi.

Akashusha pasi.